Mashini Iliyobaki Ikiwaka

Likasi, Panda, 21 Septemba 2025

Mado mwanangu,

Barua hii unaipata kwa mkono wa Swedi, dereva wa lori la unga. Nimemwomba asiikunje. Utajiuliza kwa nini sikutuma ujumbe wa simu. Miaka thelathini na moja niliandika kitabu cha zamu kule kwenye mitambo ya umeme ya Koni, kila saa na kipimo chake cha maji, na mkono wangu umezoea kalamu. Kwenye simu vidole vyangu ni vinene, na nikikosea, Sephora hayuko tena wa kunicheka.

Tangu tulipomzika mwezi wa pili, ile rezo, mtandao wa mtaa mlioujenga wewe na yeye, naiangalia mimi. Nafuta vumbi. Naandika saa kurani ya umeme inapokatika na saa inaporudi. Nyumba thelathini na nne bado zimeungwa, pamoja na shule ya Mwalimu Eugène na zahanati ya wamama. Lakini mwaka huu kiangazi ni kikali. Kurani inaondoka saa kumi na mbili asubuhi, inarudi saa kumi na mbili jioni. Batri zinaibeba rezo hadi saa saba tu. Wanafunzi wa darasa la mwisho wanatoka saa saba na nusu. Wanafungua simu za wazazi wao ili wasome yale masomo ambayo Sephora aliwawekea, na wanakuta antene zote zimekufa.

Mwalimu Eugène ameita komite. Hana ubaya, amechoka kuulizwa. Wamekubaliana hivi: kama hadi tarehe 15 Novemba rezo haijaweza kufika saa kumi na moja jioni bila kurani, vyombo vitafunguliwa na kugawanywa, kila mtu ajitafutie njia yake. Mado, nilimzika mpwa wangu. Sitaki nikae kwenye kiti niangalie watu wakipanda ngazi kufungua hata antene zake.

Nifundishe kuifanya rezo iwe inakula kurani kidogo. Mimi nilijua kutengeneza kurani, kuibana sikufundishwa. Sephora alipokuwa na miaka saba, mwaka ule mama yake, dada yangu, alipofariki akaniachia mtoto, nilimpeleka Koni aone maji yanavyoingia. Akaniuliza, “Mjomba, kurani ikitoka hapa inaenda kulala wapi?” Nikamwambia hailali. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa habari ya huzuni.

Kwenye kilio hukuonekana. Najua kazi ni nyingi, sikuulizi. Ila matusi yako ya utani nimeyakosa. Mwaka huu wote hakuna aliyeniita mbuzi.

Mjomba wako,
Albert

*

Lubumbashi, 28 Septemba 2025

Kwa heshima, Mjomba Albert,

Nimepokea barua yako. Nisamehe kwa kukosa kilio. Ilikuwa kazi.

Ninayoifanya hapa ni hiyohiyo unayoitaka: kutafuta mashini zinazokula kurani bila sababu. Karibu kila mahali sababu ni moja, yaani watu waliweka vyombo kwa ajili ya siku yenye watu wengi, halafu vikaachwa vile hata siku isiyo na mtu.

Tafadhali fanya mambo matatu, kwa mpangilio huu.

Kwanza, niandikie kila kitu kinachokula kurani ya batri, na wati zake. Nakutumia kipimo kidogo kwa Swedi. Unakichomeka ukutani, kisha unachomeka mashini ndani yake.

Pili, kwenye kabati kuna swichi mbili, yale masanduku yenye matundu ya waya. Kila moja imejaa nusu tu. Hamisha waya zote ziingie kwenye moja, nyingine uizime. Sanduku lenye matundu matupu linakula karibu sawa na lililojaa.

Tatu, antene. Nyumba ya Mama Tausi iko hatua arobaini kutoka kwako, lakini antene inayomhudumia inapiga kelele kama inaita mtu aliyeko Kapolowe. Kwenye karatasi ya pili nimeandika namna ya kuishusha sauti, antene moja baada ya nyingine, na namna ya kuipa saa za kulala wakati hakuna anayeitumia. Antene ya zahanati usiiguse. Ile ibaki macho.

Ni mimi,
Mado

*

Likasi, 5 Oktoba 2025

Mado mwanangu,

Nimefanya yote. Ile karatasi ya pili niliisoma mara sita, nikaibandika ukutani juu ya kabati.

Kuhamisha waya kulinichukua asubuhi nzima. Kila waya Sephora aliufungia kipande cha kitambaa ili kuujua. Shule ni kijani, zahanati nyeupe, Mama Tausi ana kipande cha kitenge chake mwenyewe. Chetu sisi ni kipande cha soksi yangu ya kahawia. Niliitafuta soksi hiyo miaka miwili.

Antene nimezishusha. Kesho yake Mama Tausi alikuja na mikono kiunoni. “Papa Albert, miye nilikukosea nini? Eti umenipunguzia sauti!” Nikamuuliza kama simu yake imekataa kitu. Akasema haijakataa. Nikamuuliza kama imekuwa nzito. Akasema hapana. “Sasa unalia nini?” Akasema, “Nalia juu ya ile yenye umenikata bila kuniambia. Weye ungefurahi nikupunguzie chumvi kwenye sombe, halafu uambiwe na majirani?” Nimemwomba msamaha. Ana haki.

Orodha ni hii: swichi moja, antene sita, ile mashini ndogo ya masomo iliyo kama kipande cha sabuni, na kisanduku cha kupokea intaneti. Wati nimeandika nyuma ya karatasi.

Sasa tunafika saa nane kasoro dakika kumi. Tulikuwa saa saba. Nimefurahi, lakini saa kumi na moja bado iko mbali.

Unajua, enzi zetu kwenye kambi ya wafanyakazi taa za barabara ziliwaka hata mchana. Hakuna aliyeuliza. Maji yalikuwa yanapita tu, na mashini zilikuwa zinazunguka tu, kwa hiyo kuzima taa ilikuwa kama kukataa chakula cha watu. Dada yangu alikuwa anaacha hotpoleti ikiwaka tangu chai ya asubuhi hadi bukari ya jioni, ili asihangaike kuiwasha. Jikoni mwetu hapakuwa na baridi hata mwezi wa sita. Sephora alizaliwa mwishoni mwa neema ile. Sijui kama alikuwa anaikumbuka, au alikuwa anakumbuka maneno yetu.

Mjomba wako,
Albert

*

Lubumbashi, 10 Oktoba 2025

Kwa heshima, Mjomba Albert,

Umefanya vizuri kuliko vijana wangu hapa. Ila nimepiga hesabu ya orodha yako mara tatu. Kwa wati hizo mngefika saa kumi, si saa nane. Kuna kitu kinapotea njiani.

Nadhani ni ondulere. Batri zinatoa kurani ndogo, ondulere inaipandisha iwe kurani ya nyumba, halafu kila chombo kina adapta yake inayoirudisha kuwa ndogo. Ni kama mtu kupeleka unga Kolwezi ili uje kuliwa Likasi. Kila safari unamwagika kidogo. Vyombo vyote ulivyoandika vinaweza kula moja kwa moja kwenye batri.

Namtuma Swedi na waya niliousuka mwenyewe, una midomo tisa. Chomeka, halafu zima ondulere na uiondoe kabisa. Hiyo peke yake itawapa saa nzima na zaidi.

Mado

*

Likasi, 17 Oktoba 2025

Mado mwanangu,

Waya umefika. Ni mzuri, umesukwa kama nywele. Vyombo vyote nimevichomeka humo na vinafanya kazi.

Ondulere sijaiondoa. Imekuwa vigumu. Labda ni batri zenyewe zimezeeka, kama mimi. Tumefika saa nane na robo.

Jua ni kali na Lufira imeshuka, watu wanasema mawe yanaonekana. Mpapai wa Sephora umezaa matatu. Kila nikipita nakumbuka alivyokuwa analaza kitambaa chake cha kichwa kilicholoa juu ya mashini yake kubwa, kikauke kwa joto lake. Nilikuwa namwambia ataunguza nyumba. “Mjomba,” anasema, “hili joto tumeshalilipia, acha linifanyie kazi.”

Swedi ameniuliza kama barua zetu ni za uchumba. Nimemwambia ni za umeme. Amesema ni mamoja, yote inaunguza.

Albert

*

Lubumbashi, 20 Oktoba 2025

Mjomba Albert,

Nisamehe, leo nitaandika waziwazi.

Kuondoa ondulere si kazi ngumu. Ni nyaya mbili na kitufe. Mtu aliyekaa Koni miaka thelathini na moja hawezi kushindwa na kitufe. Kama huwezi kuiondoa, ni kwa sababu humo nyumbani kuna kitu kinachotaka kurani ya nyumba, na hukukiandika.

Mwezi wa kumi na mbili, mimi na Sephora tuliyahamisha masomo yote kutoka kwenye mashini yake kubwa, ile ya chumbani kwake, tukayaweka kwenye ile ndogo. Tulikubaliana ile kubwa izimwe siku ileile, vyuma vyake vitumike kwingine. Alisema ataizima mwenyewe. Ile inakula peke yake kuliko antene zote sita.

Mjomba, mashini hiyo iko wapi?

Zimebaki siku ishirini na sita. Kama inawaka, inawaka bure. Haina faili hata moja ambalo hatuna. Sielewi kwa nini unipe hesabu ya uongo halafu uniombe nikuokoe.

Mado

*

Likasi, 24 Oktoba 2025

Mado mwanangu,

Iko pale ilipokuwa. Inawaka.

Waya wake unapita nyuma ya kabati la nguo, ndiyo maana watu wa komite hawajauona. Kwenye orodha sikuiandika kwa makusudi. Katika kitabu cha zamu sikuwahi kuandika namba ya uongo hata siku moja, na hii nimekuandikia wewe. Nisamehe.

Najua haina kazi. Sikuiacha kwa sababu ya mafaili, na usifikiri naongea nayo. Sijafika huko. Ila kitufe kile Sephora alikibonyeza mwenyewe mara ya mwisho, asubuhi ile aliposema kichwa kinamuuma, na tangu siku ile hakuna mkono uliokigusa; batri zikiisha inalala, kurani ikirudi inaamka yenyewe.

Wewe unajua desturi yetu. Penye kilio moto unawashwa nje, na mwenye msiba hauzimi. Ukiuzima mwenyewe ni kama unamwambia marehemu aondoke upesi. Unaachwa uwake mpaka aje mtani. Anakuja na uso umepakwa unga, anatukana, anadai kuku, analalia kitanda cha wenye msiba, watu wanacheka na machozi yako palepale. Halafu anatawanya moto, anatoa majivu, na hapo kilio kimeisha. Mwenye nyumba anaruhusiwa kufagia.

Kwa Sephora hatukuwasha moto. Mchungaji alitaka maombi na nyimbo tu, na sina ugomvi naye, aliimba hadi sauti ikamkauka. Lakini watu walipoondoka nilibaki mimi na mashini ile inavuma chumbani, ikiwa na joto lake. Nikajiambia, basi huu ndio moto. Nitasubiri.

Sisi ni watu wa mbuzi, mimi na dada yangu na Sephora. Nyinyi ni watu wa chui. Katika watu wote waliotoka Panda, mtani wangu aliyebaki ni wewe. Na wewe hukuja.

Sikuandika haya ili uone haya. Umeniuliza, nimejibu. Kama ni lazima mwalimu na watu wake waje wafungue antene, waje. Mimi kitufe hicho mkono wangu hauwezi.

Albert

*

Lubumbashi, 27 Oktoba 2025

Mjomba,

Nilikuja.

Siku ya pili ya kilio niliteremka kwenye lori la Swedi pale karibu na soko, muulize. Nilikuwa na kofia ya marehemu babu, koti nililoligeuza ndani nje, na uso wote unga wa muhogo. Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Ningesema, “Nani aliwaambia mbuzi wanajua kuzika? Tokeni, chui iko na njala!” Ningekaa kwenye kiti chako, ningekataa kutoka hadi nipewe jogoo.

Getini palikuwa na shemasi mmoja kijana. Aliniangalia kwa huruma, hakunifokea. Akaniambia, “Dada, leo hapa hakuna mambo ya mizaha. Hii ni familia ya maombi.” Nilisikia kwaya ndani. Nilikuona wewe kwa nyuma, shati jeupe, umekaa wima kama uko zamuni. Nikafikiri ni wewe uliyeagiza hivyo. Nikafikiri, basi hata kwako mimi ni mzaha tu.

Nikaenda kwenye bomba la shule nikanawa. Unga ukikauka hautoki upesi. Swedi alinisubiri, hakuuliza kitu hadi Kapolowe. Halafu akasema, “Umebakiza sikioni.” Nikalia kutoka hapo hadi Lubumbashi.

Ndiyo maana nilikuandikia kwa heshima. Sikujua kama utani wetu bado upo. Na ndiyo maana nilikasirika kuhusu mashini. Mimi ndiye niliyemwambia aizime, yeye akasema kesho, mimi nikamwita mvivu. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake ana kwa ana.

Jumapili, tarehe mbili, baada ya ibada, nakuja. Mwambie mchungaji mapema. Kama anataka kuomba kwanza, aombe, nitamsubiri nje. Lakini getini asisimame mtu.

Weye mbuzi muzee, hizo ndevu uzichane. Na jogoo asiwe mwembamba.

Chui wako,
Mado

*

Likasi, 16 Novemba 2025

Mado, chui usiyeshiba,

Swedi amekuwa na safari za Kolwezi, ndiyo sababu barua hii imechelewa. Ni vizuri imechelewa, kwa sababu sasa nina la kukueleza.

Kwanza, tangu Jumapili ile Panda bado inakuiga. Mama Tausi ndiye anayeiga vizuri zaidi. Anaweka kofia upande, anapita barabarani akipiga kelele, “Eh mbuzi, kuya inje! Mumefuga mashini mupaka lini, inazaa maziwa?” Watoto wanaanguka kwa kicheko. Hata mchungaji aliniambia kanisani kwamba ulipolala kwenye kitanda cha Sephora na viatu, ukisema hutoki hadi upewe paja la jogoo, alicheka akaona aibu, halafu akaona hakuna sababu ya aibu. Mimi nilichokiona ni mkono wako ulipofika kwenye kitufe. Ulikuwa unatukana bado, na ukakibonyeza. Asante kwa kutoacha kutukana.

Siku tatu za kwanza nyumba ilikuwa kimya kama imejaa maji. Sikujua ule mvumo ulikuwa mkubwa kiasi hicho. Siku ya nne nilikuwa naosha vikombe, nikalia, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Nililia hadi maji yakapoa. Kisha nikafagia chumba chake. Ulikuwa umenipa ruhusa.

Ondulere niliiondoa palepale ulipoondoka. Nyaya mbili na kitufe, ulisema kweli.

Sasa, jana. Mwalimu Eugène hakutaka kusoma namba za daftari langu. Alisema namba zangu anaziamini, ila watu hawaamini namba, wanaamini macho. Basi komite yote ikakaa shuleni tangu saa saba na nusu, simu kumi na mbili zimewekwa mezani, na wanafunzi wa darasa la mwisho kwenye madawati wakisoma kweli, si kwa kujionyesha. Wingu lilikuwa limefunga, mvua ya kwanza inasogea, na kurani haikuwepo tangu alfajiri.

Saa nane ikapita. Saa tisa, saa kumi. Mama Tausi akasema, “Muko munaangalia simu kama munaangalia chungu. Haiive mukiiangalia.” Hakuna aliyecheka. Saa kumi na nusu simu ya mwalimu ikapoteza alama. Akaigeuza, akaitikisa, akasema, “Samahani, ni yangu, imeisha batri.” Hapo ndipo watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa woga.

Saa kumi na moja mwalimu alisimama. Akamwita binti mmoja wa dawati la mbele, akamwambia afungue somo jipya, si lile alilokwishafungua. Binti akabonyeza. Tulisubiri. Somo likafunguka, na sisi sote tulioketi nyuma tuliliona likifunguka. Ni somo la jenereta na maji. Sephora aliliandika kwa maneno yangu, mengine ni makosa yangu yaleyale.

Mwalimu hakupigisha kura. Alisema tu, “Antene zibaki,” akaandika, akafunga daftari. Mama Tausi akasema, “Basi twende tukapike, tumeshinda na njala hapa juu ya kurani.” Rezo ilizimika saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Nilikuwa nimefika nyumbani, mvua inaanza. Niliandika saa hiyo kwa uaminifu.

Bado hatufiki saa kumi na mbili, kurani inaporudi, na kiangazi kijacho batri zitakuwa zimechoka zaidi. Mwalimu anataka niwafundishe wanafunzi wawili kuzishusha antene na kuzilaza. Nimekubali. Nitawafundisha pia kuandika kitabu cha zamu, kwa kalamu.

Mado mwanangu, wewe huko una kazi nyingi na mashini nyingi kuliko zetu, na mimi nina miaka sabini na miwili. Sikuombi kitu kikubwa. Siku utakapozima mashini isiyo na kazi, kabla hujaondoa mkono kwenye kitufe, utukumbuke kidogo, mimi na Sephora.

Mjomba wako,
Albert